Wasomaji Wanauliza: Kutoka Kanda hadi Imla ya Kidijitali

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wenye ofisi za unukuzi wa kitabibu, yaani watu ambao kazi yao ni kusikiliza sauti ya daktari na kuigeuza kuwa ripoti iliyoandikwa. Wengi wanahama kutoka kanda ndogo za kaseti kwenda kwenye faili za sauti, na wengi wamekwama mahali pale pale. Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Swali: Nianze na nini?

*Ndugu mhariri, nina ofisi yenye wachapaji wanne. Madaktari tisa wanatuletea kanda ndogo, na mashine zetu za kuchezea kanda zinakufa moja baada ya nyingine, vipuri havipatikani. Nataka kuhama, lakini kila muuzaji ananiambia ninunue kifurushi chake chote. Nianzie wapi hasa?*

Anza na daftari kabla ya pochi. Kwa wiki mbili andika kila siku: daktari gani, dakika ngapi za sauti, ripoti ngapi, na ilitakiwa kurudi lini. Bila tarakimu hizo utanunua vitu kwa kukisia. Mchapaji mzoefu anayesikiliza sauti safi hutumia takriban dakika nne kuchapa dakika moja ya imla, na zaidi sana kama sauti ni mbaya au daktari anameza maneno. Kwa hiyo madaktari tisa wakitoa dakika 20 kila mmoja kwa siku, una dakika 180 za sauti, sawa na saa 12 za kuchapa. Wachapaji wanne wanaimudu kazi hiyo bila kukimbizana, na huo ndio wakati mzuri wa kuhama. Ukisubiri mpaka ofisi ielemewe, utajifunza mfumo mpya huku ripoti za jana zinadaiwa.

Vifaa vyenyewe ni vichache kuliko wauzaji wanavyotaka uamini. Kwa daktari: rekoda ya kidijitali iliyotengenezwa kwa ajili ya imla, yenye swichi ya kusukuma kwa kidole gumba (kurekodi, kusimamisha, kurudi nyuma). Kwa mchapaji: kompyuta ya kawaida, programu ya kuchezea sauti inayokubali pedali, pedali ya mguu ya USB (ya kuchezesha na kurudisha nyuma sauti huku mikono ikichapa), na hedifoni zinazoziba sikio vizuri. Katikati: mahali pamoja pa kupokelea faili, penye akaunti ya kila mtu na nakala rudufu. Basi. Vingine vyote, kama foleni zinazojigawa zenyewe na ripoti za takwimu, vinaweza kungoja hadi ujue unavihitaji.

Usiwahamishe madaktari wote siku moja. Chagua wawili, wa aina tofauti: mmoja mwenye sauti nzuri na ripoti fupi, mwingine mwenye ripoti ndefu zenye marekebisho mengi. Usianze na yule mgumu kuliko wote, kwa sababu lawama zake zitaua mradi kabla haujasimama. Waendeshe hao wawili kwa wiki tatu, wengine wakiendelea na kanda. Mambo ya kuamua ndani ya wiki hizo ni majina ya faili, nani anapokea asubuhi, nini kinafanyika faili ikiharibika, na faili inafutwa lini. Yaandike kwenye ukurasa mmoja. Ndipo uongeze daktari mmoja au wawili kila wiki.

Tunasisitiza jambo moja: weka angalau mashine moja nzima ya kanda hadi mwisho kabisa. Daima kuna daktari atakayetoa kanda mfukoni miezi miwili baada ya wewe kutangaza kwamba kanda zimekwisha.

Swali: Simu, au rekoda? Na faili ya aina gani?

*Mhariri, madaktari wetu wanauliza kwa nini wasirekodi kwa simu zao tu. Pia nachanganyikiwa na majina ya faili: WAV, MP3, DSS, DS2. Ipi ni ipi?*

Maikrofoni za simu za leo si mbaya. Tatizo la simu ni kazi nyingine inazofanya: inapigiwa katikati ya imla, inapeleka kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni ya binafsi bila mwenyewe kujua, na inachezewa na watoto nyumbani. Tena haina swichi. Daktari anayetaka kurudi nyuma sekunde tano na kusahihisha neno, kwenye programu ya kawaida ya simu hana njia rahisi, kwa hiyo husema "samahani, hapana, futa hiyo" na mchapaji ndiye anayebeba mzigo. Kama ni lazima iwe simu, tumieni programu ya imla inayoruhusu kuingiza maneno katikati na inayotuma faili moja kwa moja kwenye mfumo wenu bila kuacha nakala kwenye matunzio ya simu.

Sasa faili. WAV ni sauti isiyobanwa. Ikirekodiwa kwa sampuli 16,000 kwa sekunde, biti 16, mkondo mmoja, kila dakika inachukua takriban megabaiti 1.9. DSS ni mfumo wa sauti ya maneno uliotokana na ushirikiano wa Olympus, Philips na Grundig, ukatolewa mwaka 1997. Unabana sana, takriban megabaiti 0.1 kwa dakika. DS2 ndiye mdogo wake aliye bora zaidi: katika kiwango chake cha juu hutumia kilobiti 28 kwa sekunde, yaani takriban megabaiti 0.2 kwa dakika, na unaweza kufungwa kwa usimbaji fiche wa AES wa biti 128 au 256 kulingana na modeli ya rekoda. MP3 iko popote katikati, kutegemea ulivyoipanga.

Tofauti hiyo utaiona kwenye intaneti ya polepole. Imla ya dakika 10 kwa WAV ni kama megabaiti 19. Kwenye laini inayopakia megabiti moja kwa sekunde itachukua zaidi ya dakika mbili na nusu. Imla hiyo hiyo kwa DS2 itapita kwa sekunde 17 hivi. Ukizidisha kwa faili 40 za jioni moja, utaelewa kwa nini daktari analalamika kwamba "mfumo umeganda".

Ushauri wetu: DS2 kama rekoda zenu zinaiweza, WAV kama mna mpango wa kutumia programu za kutambua usemi na laini yenu ni nzuri. Jiepusheni na kubadilisha faili mara mbili mbili. Ukichukua DSS ukaigeuza MP3, kisha MP3 ukaibana tena ili ipite kwa barua pepe, kila hatua inakata kipande cha sauti, na sauti za kwanza kupotea ni zile za kuvuma na kupumua, kama s, f na h. Zisikieni vizuri herufi hizo, kwa sababu barua inayofuata inazihusu.

Kabla ya kununua, hakikisheni programu ya wachapaji inafungua aina hiyo ya faili. Matoleo ya bure ya programu za kuchezea sauti mara nyingi hukubali WAV na MP3 lakini hukataa DSS na DS2.

Swali: Mchapaji aliandika kinyume cha alichosema daktari

*Wapendwa wahariri, tangu tuhamie rekoda za kidijitali tumepata makosa ambayo hatukuwa nayo kwenye kanda. Wiki iliyopita ripoti ilisema mgonjwa "ana mzio wa dawa" wakati daktari anaapa alisema hana. Mchapaji naye anaapa alichapa alichosikia. Nimesikiliza mwenyewe: inasikika "ana". Nani mwongo?*

Hakuna mwongo. Fungueni mipangilio ya rekoda ya daktari huyo na mtafute kipengele cha kurekodi kinachoamshwa na sauti. Tunaamini mtakikuta kimewashwa.

Kipengele hicho husimamisha kurekodi mtu anaponyamaza na kukianzisha anaposema, ili kuokoa kumbukumbu na kumwondolea mchapaji vimya virefu. Lakini rekoda haijui kwamba mtu ameanza kusema mpaka sauti ivuke kiwango fulani cha nguvu. Sasa tazama neno "hana". Herufi ya kwanza ni pumzi tu, haina mtetemo wa koo, na nguvu yake ni ndogo mno. Kiwango hakivukwi mpaka irabu "a" inapoingia. Rekoda inaamka hapo, na kilichobaki kwenye faili ni "ana". Hana homa inakuwa ana homa. Hajaanza dawa inakuwa "ajaanza", ambayo mchapaji makini atashtuka. Lakini "ana mzio" ni Kiswahili sanifu kabisa, hakuna kinachomshtua mtu, inapita moja kwa moja hadi kwenye faili la mgonjwa.

Na si kipengele hicho peke yake. Daktari anayebonyeza na kusema papo hapo hukata silabi ya kwanza hata kama kipengele kimezimwa, kwa sababu rekoda nyingi huchukua sehemu ya sekunde kuanza. Maikrofoni iliyo mbali, au iliyowekwa kwenye kiwango cha kikao cha watu wengi, huchukua feni na mazungumzo ya korido, na pumzi ya "h" inazama humo. Imla inayopigwa kwa simu ya kawaida nayo hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, kwa hiyo konsonanti za kuvuma hufika zimedhoofika.

Fanyeni haya, kwa mpangilio huu. Zimeni kipengele cha kuamshwa na sauti kwenye rekoda zote, si ya huyo mmoja tu, kisha fungeni mipangilio kama rekoda inaruhusu. Wekeni maikrofoni kwenye kiwango cha imla, ambacho husikia cha karibu tu. Mdomo uwe sentimita 10 hadi 15 kutoka maikrofoni, na maikrofoni iwe kidogo pembeni ya mdomo ili pumzi za "p" na "b" zisiipige. Taa ya kurekodi ikiwaka, daktari ahesabu moja kimoyomoyo ndipo aseme.

Kisha mpeni kila daktari jaribio hili arekodi, akinyamaza sekunde tatu kati ya sentensi na sentensi: "Hana homa. Hana mzio. Hajafanyiwa upasuaji. Hatumii sigara." Sikilizeni kwa hedifoni. Kama "h" moja tu imepotea, rekoda hiyo haijawa tayari.

Zaidi ya hapo, waombeni madaktari wabadilishe namna ya kusema makanusho. Badala ya "hana mzio", waseme "mzio: hakuna". Badala ya "hana homa", "homa: hapana". Neno la kukanusha likikaa mwishoni, mashine haina pa kulikatia. Ni mabadiliko madogo ya kinywa, lakini ndiyo kinga bora tunayoijua kwa tatizo hili.

Na mchapaji afundishwe kutilia shaka. Daktari anayesema mgonjwa ana mzio wa dawa karibu kila mara huitaja dawa na kilichotokea. "Ana mzio wa dawa" ikikaa peke yake bila jina la dawa, hiyo inastahili alama na saa ya sauti, kwa mfano [02:14, thibitisha], irudi kwa daktari kabla ya kusainiwa. Mchapaji asiadhibiwe kwa kuacha nafasi wazi. Aadhibiwe kwa kukisia.

Swali: Pedali haisikii

*Pedali mpya ya USB inawaka taa lakini sauti haichezi. Fundi amesema kompyuta ni nzima.*

Fundi yuko sahihi. Mambo matatu huleta hali hii. La kwanza, programu ya sauti haijaambiwa pedali ipo: ingia kwenye mipangilio yake, chagua aina ya pedali, kisha kanyaga kila upande ili ijifunze. Kwa kawaida katikati ni kucheza, kushoto ni kurudi nyuma, kulia ni kwenda mbele. La pili, mnachapia ndani ya kivinjari. Vivinjari vingi haviioni pedali mpaka kiwekwe kiongezi maalumu cha mfumo mnaoutumia. La tatu, mchapaji ameingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali, na pedali imebaki imeunganishwa na hii ya hapa. Lazima kifaa cha USB kiruhusiwe kupita kwenye muunganisho huo.

Ikishaanza kufanya kazi, wekeni irudi nyuma yenyewe kwa sekunde moja na nusu kila mguu unapoinuliwa. Bila hivyo mchapaji hupoteza neno kila anaposimama, na mwisho wa siku kifundo cha mguu kinauma kwa kukanyaga kurudi nyuma. Tandikeni kipande cha mpira chini ya pedali isiteleze.

Swali: Daktari anasema ametuma, sisi hatuoni

*Mhariri, tunagombana na zahanati moja. Wao wanasema wametuma imla 14, sisi tumepokea 12. Imetokea mara nne. Faili zinakwenda wapi?*

Kuna njia nne za kawaida ambazo faili hupotelea, na kila moja ina alama yake.

Mara nyingi faili haijapotea, ila haijafungwa. Rekoda nyingi za imla hutofautisha imla iliyosimamishwa na imla iliyokamilika; programu ya kutuma inaweza kuwa imepangwa kuchukua zilizokamilika tu. Daktari aliyeitwa katikati ya imla akasimamisha, kisha akasahau, faili yake imekaa ndani ya rekoda ikingoja. Hii hutambulika kirahisi: fungua rekoda, utaikuta.

Pili ni saa. Betri ikiisha kabisa au ikitolewa kwa muda mrefu, baadhi ya rekoda hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Faili inafika salama, lakini kwenye orodha inajipanga chini kabisa, chini ya miaka ya nyuma, na hakuna anayeteremka hadi huko. Panga orodha kwa wakati wa kupokelewa, si wakati wa kurekodiwa, nayo itajitokeza.

Tatu ni kuhamisha badala ya kunakili. Mfumo ukipangwa "hamisha", faili hufutwa kwenye rekoda mara inapopelekwa. Waya ukichomolewa katikati, kuna hatari ya kubaki na nusu faili upande mmoja na kutobaki na kitu upande wa pili. Pangeni "nakili", na ufutaji ufanyike siku saba baadaye, baada ya kuthibitisha kwamba muda wa faili uliopokelewa ni sawa na muda ulioonyeshwa kwenye rekoda. Msilinganishe ukubwa peke yake, linganisheni dakika na sekunde.

Nne ni folda kujaa. Baadhi ya modeli za Olympus, kwa mfano, hupokea faili 200 tu kwa kila folda hata kama kadi ina nafasi tele. Na kama kadi imefomatiwa kwenye kompyuta badala ya ndani ya rekoda, mpangilio wa folda huvurugika na rekoda huanza kufanya vituko.

Dawa ya ugomvi wenyewe ni hesabu ya kila siku. Rekoda hutoa namba za faili kwa mfululizo, kwa hiyo pengo huonekana: ukiona 0041, 0042, 0044, uliza ya 0043 siku hiyo hiyo. Huenda daktari aliifuta mwenyewe, sawa, lakini ajibu. Zahanati itume idadi jioni, ofisi ijibu idadi asubuhi. Dakika tano za kazi, na ugomvi wa wiki nzima unakwisha.

Kwa kuwa umegusa kupotea, ongezeni na hili ambalo wengi hawalijui. Madaktari waliozoea kanda hurudi nyuma na kusema juu ya maneno ya awali. Rekoda ya kidijitali ina namna tatu: kufuta kwa kurekodi juu, kuingiza katikati, na kuongeza mwishoni. Ikiwa kwenye kufuta, daktari akarudi kusahihisha kipimo kimoja cha dawa na sahihisho likawa refu kuliko kosa, linameza maneno yanayofuata, na hakuna mtu atakayejua yalikuwepo. Ifanyeni "ingiza" kuwa ndiyo hali ya kawaida.

Swali: Je, WhatsApp ni kosa?

*Zahanati ndogo zinatutumia sauti kwa WhatsApp, nyingine kwa barua pepe. Inarahisisha. Kuna ubaya gani, maana WhatsApp yenyewe imesimbwa?*

Njia imesimbwa, ndiyo, lakini vituo vya mwanzo na mwisho haviko mikononi mwenu. Sauti yenye jina la mgonjwa na ugonjwa wake inabaki kwenye simu ya muuguzi, kwenye nakala rudufu yake, na kwenye kompyuta yoyote aliyoiunganisha. Mchapaji akiacha kazi anaondoka nayo. Huwezi kumwonyesha mteja nani aliifungua, wala kuthibitisha kwamba imefutwa. Barua pepe ya kawaida ni hivyo hivyo, na kosa la herufi moja kwenye anwani linapeleka siri ya mtu kwa mgeni.

Tumieni tovuti ya kupakia yenye HTTPS au seva ya SFTP (njia mbili zinazosimba faili ikiwa safarini), kila mtu na akaunti yake, uthibitisho wa hatua mbili ukiwa umewashwa. Diski za kompyuta za wachapaji zifungwe kwa BitLocker (ya Windows) au FileVault (ya Mac), ambazo husimba diski nzima. Rekoda ziwekwe namba ya siri, na mkumbuke kwamba usimbaji wa DS2 hauanzi wenyewe. Lazima nywila iwekwe. Jina la mgonjwa lisiwe kwenye jina la faili kamwe: namba ya daktari, tarehe na namba ya mfululizo vinatosha, mfano D07_20250314_003. Majina ya faili huonekana hata mahali ambapo faili yenyewe imefungwa.

Andikeni mkataba wa usiri na kila mteja. Anayefanya kazi za Marekani atadaiwa mkataba huo chini ya HIPAA, sheria ya 1996 inayolinda taarifa za wagonjwa, na wa Umoja wa Ulaya chini ya GDPR, sheria ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika 2018. Lakini hata pasipo na anayeudai, mgonjwa bado ana haki yake.

Swali: Tulipane vipi sasa?

*Zamani tulilipwa kwa kurasa. Mteja sasa anataka "kwa mstari". Mstari ni nini kwenye kompyuta?*

Katika biashara hii mstari uliozoeleka ni herufi 65, zikihesabiwa pamoja na nafasi. Unachukua jumla ya herufi za ripoti unagawanya kwa 65. Ripoti yenye herufi 3,900 ni mistari 60. Lakini mteja akisema nafasi zisihesabiwe, na ndani yake kuna nafasi 585, zinabaki 3,315, yaani mistari 51. Mistari tisa imeyeyuka kwa neno moja la mkataba. Kwa hiyo andikeni wazi: nafasi zinahesabiwa au la, vichwa vya kurasa vinahesabiwa au la, na maandishi yanayojijaza kutoka kwenye kiolezo yanalipwa vipi. Hesabu ifanywe na programu moja ambayo pande zote mbili zinaiona.

Kwa daktari mwenye sauti ngumu, lipisheni kwa dakika ya sauti. Malipo ya mstari humwadhibu mchapaji anayepewa faili mbovu.

Swali: Programu ya kutambua usemi itatufukuza kazi?

*Ndugu mhariri, bosi amesema mwakani kompyuta ndiyo itachapa, sisi tutabaki wachache wa kusahihisha. Mimi nina miaka kumi na minne kwenye kazi hii. Niseme kweli, nina hofu.*

Hofu yako ina msingi, na hatutakubembeleza: kazi ya kuchapa kila neno inapungua. Kinachobaki ni kazi ya kusikiliza na kuhariri, na hiyo si nyepesi kama bosi anavyodhani. Utafiti uliochapishwa 2018 katika jarida la JAMA Network Open ulichunguza nyaraka 217 za madaktari zilizotengenezwa kwa utambuzi wa usemi. Kabla ya kuhaririwa zilikuwa na makosa asilimia 7.4 ya maneno. Baada ya mnukuzi kuzipitia, makosa yalishuka hadi asilimia 0.4. Mpe bosi wako tarakimu hizo mbili. Asilimia saba inayobaki katikati ndiyo kazi yako.

Makosa ya mashine si kama yako. Ukichoka unaacha herufi, na jicho linaona. Mashine haikosei tahajia. Inaandika neno sahihi lisilosemwa. Katika imla ya Kiingereza huchanganya 15 na 50, na shinikizo la juu la damu na la chini, kwa kuwa hipatensheni na hipotensheni hutofautiana kwa irabu moja. Inadondosha makanusho. Programu za kizazi kipya zina tabia mbaya zaidi: zikikuta kimya kirefu au kelele, huweza kutunga sentensi nzima ambayo hakuna aliyeisema, kwa ufasaha kabisa. Kwa hiyo usisome tu, sikiliza faili yote huku ukifuatisha maandishi, na simama kwenye kila namba, kila jina la dawa, kila kulia na kushoto, kila "hana".

Kuhusu malipo, usikubali kiwango cha uhariri kabla ya kupima. Chukua faili 20 za madaktari tofauti, pima muda wa kuchapa na muda wa kuhariri. Kwa daktari anayesema vizuri, kuhariri kutakuwa haraka sana. Kwa yule wa kumeza maneno, mara nyingi utaona ni afadhali kufuta yote na kuchapa upya. Hao wa kundi la pili waondolewe kwenye mashine. Bosi akiona vipimo vilivyoandikwa, atapanga kwa vipimo.

Swali: Sanduku la kanda za zamani

*Tuna kanda kama 300 kabatini. Tuzigeuze zote kuwa faili?*

Hapana. Kanda ambayo ripoti yake ilishachapwa na kusainiwa haina haja ya kugeuzwa, isipokuwa mkataba au sheria ya mahali penu inataka sauti itunzwe. Hugeuzwa zile tu ambazo hazijachapwa au zina mgogoro.

Kwa hizo, safisheni kichwa cha mashine kwa pamba na alkoholi ya isopropili. Ungeni tundu la hedifoni la mashine na tundu la kuingizia sauti la kompyuta kwa waya wa milimita 3.5, msitumie tundu la maikrofoni, kwani linakuza sauti kupita kiasi na kuipasua. Rekodini kwa Audacity kwenye mkondo mmoja, vilele vikifika kama desibeli 6 chini ya kikomo. Angalieni kasi: kanda ndogo zilirekodiwa kwa sentimita 2.4 au 1.2 kwa sekunde, na iliyorekodiwa kwa 1.2 ikichezwa kwa 2.4 husikika kama ndege. Kila kanda itachukua muda wake kamili, hakuna njia ya mkato.

Zinazobaki zisitupwe jalalani zikiwa nzima. Zifuteni kwa sumaku ya kufutia kanda au zikateni utepe, mbele ya watu wawili, na muandike tarehe na idadi.